Jaribio la Mwisho Kabisa

Mwanangu hajui kukaa. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani namsingizia. Anakula amesimama, anapiga simu akizunguka meza, na akitazama taarifa ya habari anafuta vumbi kwenye televisheni hiyo hiyo anayoitazama. Tangu alipojua kutembea namwita Kiguu, kwa sababu ni kiguu na njia kwelikweli, na jina limemganda mpaka kazini wanamwita hivyo, watu wazima wenye tai shingoni. Mumewe alipata kazi mji wa mbali, na nadhani alipofika huko ndipo alipolala usingizi wa kwanza wa maana. Wanapigiana simu kila siku, wanapendana, lakini sijasikia ameomba uhamisho wa kurudi.

Mimi ni kinyume chake. Nimefanya kazi ya kukaa maisha yangu yote. Nilikuwa opereta wa simu hospitalini, visikizi masikioni, makalio kwenye kiti mpaka nikastaafu. Sasa nakaa kwa lazima. Mapafu yamechoka, na kwenye kona ya sebule kuna mashine ya oksijeni inayonguruma mchana na usiku. Mrija mrefu unatoka kwenye mashine na kuishia puani mwangu. Nao mrija huo unanifikisha jikoni, unanifikisha chooni, ila chumbani kwa Kiguu haufiki. Nalala sebuleni, naamka sebuleni, na wageni wanaokuja kunisalimu wananikuta hapo hapo.

Mashine inakula umeme wa ukutani na haina betri. Pembeni yake umesimama mtungi wa chuma, oksijeni ya akiba. Umeme ukikatika, mtu anatakiwa afungue koki ya mtungi na kuuhamishia mrija huko. Mtu huyo si mimi. Vidole vyangu vimevimba kwa baridi yabisi, hata kifungo cha blauzi nafungiwa. Mchana anakuwapo binamu yangu, mjane, ambaye tunamwita Bi Harusi maana hata akienda dukani kununua kiberiti lazima ajipambe kwanza.

Sasa Kiguu ni mtu wa kampuni ya umeme. Hapandi nguzo. Yeye anatunza kanzidata, yaani ghala la kwenye kompyuta ambamo kampuni inaweka kila kitu chake: nani anaishi wapi, mita gani, laini gani, lini inazimwa kwa matengenezo. Na kuna jambo moja la kampuni ile ambalo kwangu ni roho yangu yenyewe. Wakipanga kuzima laini yetu, jioni ya kuamkia siku hiyo ujumbe unaingia kwenye simu: kesho hakuna umeme, andaa mtungi. Unatumwa kwenye nyumba zenye wagonjwa wa mashine tu. Ukiingia, Bi Harusi kesho yake hatoki hata apigiwe ngoma, na Kiguu akifungua mlango nampa makavu yake. Mnanizimia tena? Mna nini na mimi nyinyi watu? Anajibu akiwa ameshafika jikoni, "Mama, sikupanga mimi." Najua hakupanga yeye. Lakini nilalamikie nani, nguzo?

Basi, kitengo chao kikapata mkuu mpya. Sina ugomvi na huyo bwana, nasema niliyoambiwa. Alikuwa na ugonjwa wa usafi, wakambatiza Bwana Usafi. Alikuta kanzidata ile ina skima ya zamani, tuseme chumba ndani ya ghala, na chumba kimejaa fankisheni. Nilimuuliza Kiguu fankisheni ni mnyama gani. Akanieleza huku akikunja nguo ambazo nilikuwa nimeshazikunja. Ni maagizo mafupi ambayo mtu ameyaandika na kuyapa jina, ukiliita jina kazi inafanyika. Programu yenyewe ina zake ilizokuja nazo, hizo haziguswi. Hizi ni zile zilizoandikwa na wafanyakazi wenyewe, mmoja leo, mwingine mwaka kesho, wengine wameshaacha kazi, wengine wamekufa. Bwana Usafi alitaka zifutwe zote kwa mkupuo, kwa sababu kazi zote zimeshahamia kwenye mfumo mpya na wakaguzi wanakuja.

"Zote zimehamia?" nikamuuliza.

"Wanasema zote."

"Wanasema nani?"

"Mama, kila mtu anasema." Akaenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa.

Nataka nimtetee hapa, kwa sababu baadaye watu walisema alikurupuka. Hakukurupuka. Ana utaratibu wake, na kwa mtu asiyetulia ule utaratibu ndio breki yake. Kwanza alinakili maandishi ya fankisheni zote akayaweka pembeni. Bwana Usafi akamcheka, eti anatunza takataka. Pili, hakuandika amri za kufuta kwa mkono. Aliiamrisha kanzidata yenyewe imwandikie, amri moja kwa kila fankisheni, akazichukua akaja nazo nyumbani kwenye kompyuta yake ndogo, akazisoma moja moja kwa sauti akizunguka sebule, anauruka mrija wangu kila akipita. Mimi ndiye niliyekuwa msikilizaji. Tamthilia yangu ilizimwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Zingine zilikuwa na jina moja. Nikamwambia hiyo imejirudia. Akasema hapana, ni mbili tofauti, unazitambua kwa kile zinachopokea, ndiyo maana kwenye amri lazima ukitaje. Nikasema basi ni kama mapacha wawili wenye jina moja, huyu anakula wali na yule hali. Akacheka. Alikuwa bado anacheka siku hizo.

Tatu, kuna neno moja ukilitia mwisho wa amri, kanzidata inafuta fankisheni pamoja na kila kinachoitegemea, haiulizi. Neno hilo Kiguu alikataa kulitia. Alisema bila neno hilo, kama kuna kitu bado kinaitegemea fankisheni, kanzidata itagoma. Ikigoma, atajua. Hapo nilimwona mwanangu ana akili, na bado namwona.

Akaendelea kusoma. Akafika kwenye kundi la jaribio. Jaribio. Jaribio la pili. Jaribio jipya. Jaribio la mwisho. Jaribio la mwisho kabisa. Tukacheka wote, hata Bi Harusi aliyekuwa akipaka rangi kucha akaacha kupaka. Kiguu akasema ndivyo walivyo watu wa kazi yao wote, mtu anajaribu kitu, anakipa jina la muda, anasema nitalibadilisha kesho, na kesho haifiki. Akapita. Hata hatua hakupunguza.

Kesho yake asubuhi akazifuta. Kanzidata haikugoma hata mara moja. Bwana Usafi akampigia makofi mbele ya ofisi nzima.

Lakini roho yake haikutulia, na hilo nililiona kwa macho yangu. Alinipigia simu akiwa kazini kuuliza kama mashine inanguruma vizuri. Akapiga tena kuuliza kama tumekula. Akapiga tena kuuliza kama kuna sukari. Nikamwambia, "Kiguu, unatafuta nini?" Akasema hajui. Jioni alipofika aliosha vikombe safi. Akavuta pazia, akalirudisha, akalivuta tena. Akasimama mlangoni na viatu mkononi kama mtu anayetaka kutoka na hana pa kwenda. Nilimfokea, sitaficha. Nilimwambia akae chini, ananizungushia kichwa. Alikaa kwenye mkono wa kochi, akainuka.

Kwenye simu yangu jioni hiyo haukuingia ujumbe wowote. Hakuna aliyeshangaa. Nani anashangaa kwa kitu ambacho hakijaja?

Asubuhi Kiguu akaenda kazini. Jua lilipopanda, Bi Harusi akajipamba na kwenda sokoni. Nikabaki peke yangu na mashine, na jirani upande wa pili wa ukuta. Jirani yetu ni fundi cherehani, ana cherehani ya umeme, na mlio wake unapita ukutani siku nzima. Ananichosha sana. Siku hiyo alikuwa na kazi ndefu, pazia au shuka, anashona moja kwa moja bila kukata. Kisha ule mlio ukakatika katikati.

Nikadhani uzi umekatika. Halafu nikaona feni ya darini inapunguza mwendo, na mashine yangu kwenye kona ikalia piii, mlio mmoja mrefu, ikanyamaza.

Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hasira. Nilisema kwa sauti, mbona hamkuniambia? Kisha nikatafuta simu, nikakumbuka ipo chumbani kwa Kiguu kwenye chaji. Nikajisogeza mpaka kwenye mtungi. Nikaishika koki kwa mikono yote miwili. Haikugeuka. Nikaifunga kwa upindo wa kanga nipate mshiko, haikugeuka. Niliweka meno, jamani, mimi mwenye meno ya bandia, niliweka meno kwenye chuma. Haikugeuka.

Sitaki kuuremba ule muda. Pumzi ilikuwa inaingia nusu, halafu robo, na kifua kinafanya kazi yote bure. Niliogopa. Watu wa umri wangu hupenda kusema hawaogopi kufa, mimi niliogopa sana, na nilitaka mwanangu aje. Nilijua atakuja, maana mtu anayepiga simu kuuliza sukari atakosaje kuja kwa hili? Niliutazama mlango tu.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Akaingia fundi cherehani, futi ya kupimia shingoni, sindano bado zimechomekwa kifuani kwenye gauni, simu sikioni. Ndani ya simu sauti ya Kiguu ikisema, "Kushoto. Geuza kushoto. Kwa nguvu." Yule mwanamke ana mikono ya kazi. Aligeuza mara moja koki ikaitika. Akauchomoa mrija huku akauchomeka kule, akaniinamia na zile sindano zake, nikavuta hewa mpaka machozi yakanitoka.

"Mama yuko sawa," akaiambia simu. "Anapumua. Ananikata jicho."

"Mwambie aje," nikasema nilipoweza.

Akasikiliza. Akaitoa simu sikioni akaitazama. "Amekata."

Nilisubiri. Kutoka ofisini kwao mpaka kwetu si mbali, Kiguu huja hata kwa miguu mvua ikinyesha. Bi Harusi akarudi na kapu lake, akaniona kwenye mtungi, akaangua kilio mpaka rangi ya macho ikamshuka mashavuni, nikalazimika kumbembeleza mimi mgonjwa. Mchana ukapita. Kiguu hakuja. Fundi akarudi kazini kwake, akawa anachungulia kila mara. Kiguu hakuja. Moyoni nilimsema maneno ambayo mama hasemi juu ya mwanawe. Miaka yote anazurura humu ndani kwa mambo yasiyo na maana, siku moja niliyomhitaji hizo mbio zake ziko wapi?

Alasiri simu iliyokuwa kwenye chaji ikalia kule chumbani. Bi Harusi akaniletea. Ulikuwa ujumbe wa kampuni. Ndugu mteja, umeme utakatika katika eneo lako, andaa mtungi. Nikausoma, nikausoma tena, sikujua nicheke au niitupe simu ukutani. Muda si mrefu feni ikaanza kuzunguka na cherehani ikaanza kuunguruma.

Kiguu aliingia jua likizama. Aliingia polepole, na hilo tu lilinitisha kuliko kukatika kwa umeme. Hakwenda jikoni. Hakugusa pazia. Akavua viatu, akaketi sakafuni karibu na mashine, mgongo ukutani.

Nilikuwa nimejiandaa kumkaanga. Nikasema, "Ulikuwa wapi?"

Akaniambia yote, sauti moja, haipandi haishuki. Asubuhi alishindwa kukaa kwenye kiti chake, kama kawaida. Akaenda kuchota maji ya kunywa, akapitia njia ndefu, ile inayopita chumba chenye ramani kubwa ya laini ukutani. Akaona laini yetu imewekwa rangi ya kuzimwa. Akapita. Akafika kwenye maji, akajaza glasi, na glasi ikiwa mdomoni ikamjia kwamba jana jioni sikumlalamikia. Nilimfokea kwa kuzunguka, nilimfokea kwa vikombe, lakini kwa umeme sikusema neno. "Mama hajawahi kuacha kulalamika," akasema. Akampigia fundi papo hapo.

Na alipokuwa akimwelekeza fundi kushoto na kulia, alikuwa ameshajua. Fankisheni ya kutuma ule ujumbe ndiyo ile jaribio la mwisho kabisa. Na aliyeiandika ni yeye. Aliiandika mwaka ule nilioletewa mashine, kwa haraka, kwa ajili yangu peke yangu. Alitaka tu simu yangu iite kabla hawajanizimia. Akaipa jina la muda. Halafu ikafanya kazi, mwenzake akaongeza nyumba nyingine, kisha nyingine, mpaka ikawa ya wagonjwa wote wa mji. Mfumo mpya ulikuwa bado unaiita kwa jina kila jioni, kutoka kompyuta nyingine. Kanzidata haioni mambo ya nje, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kugoma. Ule mfumo ulipoita jana na kukuta hakuna mtu, uliandika kosa lake mahali ambapo hakuna anayesoma, ukaendelea na shughuli zake.

"Ungekuja," nikasema. Nilisikia sauti yangu, ilikuwa ya mtoto.

"Laini yetu ina nyumba nyingine, Mama. Zenye mashine." Akavuta magoti kifuani. "Wewe ulikuwa umepata hewa."

Alikuwa amekaa. Ndicho alichofanya siku nzima ile. Alirudi kwenye kiti chake, akaitoa fankisheni kwenye ile nakala aliyochekewa, akairudisha mahali pake, kisha akashika simu na kupigia nyumba moja baada ya nyingine. Hakuinuka. Bwana Usafi mwenyewe ndiye aliyemletea maji, na ndiye aliyechukua nusu ya namba akapiga naye. Nyumba zote zilipokea isipokuwa moja. Simu iliita, ikaita. Wakatuma gari la dharura la kampuni, mafundi wakavunja mlango, wakamkuta mzee mmoja ameanguka kati ya kitanda na mtungi wake, midomo imegeuka rangi. Yuko hospitali. Kiguu alitoka huko ndipo akaja nyumbani.

"Atapona?" nikauliza.

"Hawajui. Amefungua macho." Akautazama mtungi wangu. "Ana koki kama yako. Alikuwa ameifunga shuka apate mshiko."

Nilitazama kanga yangu, bado ilikuwa imening'inia kwenye mtungi.

Mzee huyo alipona, niseme kabisa, na Kiguu alikwenda kumtazama kila siku mpaka akaruhusiwa, na siku hizi mimi na mzee tunamlalamikia Kiguu pamoja kwenye simu. Fankisheni nayo imepata jina la heshima, na mstari wake wa kwanza unasema yeyote anayetaka kuifuta ampigie kwanza mama wa aliyeiandika, na namba yangu ipo hapo. Lakini jioni ile hatukuyajua hayo. Jioni ile alikuwa amekaa tu.

Giza likaingia, Bi Harusi akawasha taa. Kiguu hakukunja nguo. Hakuuliza sukari. Mikono aliiweka mapajani, viganja juu, na macho yako kwenye taa ndogo ya kijani ya mashine yangu. Miaka yote hii nimemwambia, kaa chini, mtoto wewe, kaa chini upumzike, nami nipumzike. Sasa alikuwa amekaa, na sikuweza kuvumilia.

"Kiguu," nikasema. "Hebu nenda kaangalie kama mlango wa nyuma umefungwa."

Ulikuwa umefungwa. Nilimwona Bi Harusi akiufunga. Mwanangu akanitazama, akajua kwamba najua, akainuka, akauruka mrija, akaenda kuangalia.